Miayo ya Mama Mkwe: Kumuaga Sista Damaris Nyaboke

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, Sista Damaris Nyaboke Angwenyi anastaafu tarehe 31 Oktoba mwaka huu kutoka Hospitali ya Misheni ya Rianyakeri. Amekuwa muuguzi mkuu wa chumba cha masikio, pua na koo tangu siku ambazo chumba hicho kilikuwa na mlango usiofungika na kiti kimoja. Juma linalofuata atapanda ndege, kwa mara ya kwanza maishani mwake, kwenda Marekani kumwona mjukuu.

Kamati ya sherehe iliniomba niandike wasifu mfupi wa kuchangamsha. Kuchangamka nitajaribu, lakini ufupi umenishinda, na hasira nazo hazijaisha. Mimi ni Sylvanus Makori wa idara ya dawa. Dirisha langu linatazamana na mlango wa Sista Damaris, na niliyoyaona kupitia dirisha hilo kwa karibu miaka ishirini siwezi kuyameza ati kwa sababu leo kuna keki. Anayetaka maneno laini asubiri hotuba ya mgeni wa heshima.

Damaris alizaliwa Nyansiongo, katika nyumba ya mfugaji wa ng'ombe wa maziwa. Akiwa mtoto sikio lake la kulia lilitoa usaha msimu mzima wa mvua, na kila jirani aliyepita akaleta lake. Huyu mafuta ya moto, yule maji ya kitunguu, mwingine majani yaliyotwangwa. Jamani, kila mtu alikuwa na cha kumimina, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na wazo la kumpeleka hospitali! Sikio likafa. Tangu hapo anasikia kwa sikio la kushoto peke yake, na sisi wote tunaofanya kazi naye tumejifunza kukaa upande huo. Mgeni akikaa kulia kwake, huwa tunamuuliza kama wamekosana.

Alisomea uuguzi, akaajiriwa hapa mwaka 1991, akazunguka wadi zote, akakaa muda mrefu upande wa akina mama wanaojifungua, kisha akaomba mwenyewe kwenda kusomea magonjwa ya masikio. Aliporudi alikuwa moto. Alizunguka shule za huku kwetu akipima watoto, na shule moja baada ya nyingine akakuta watoto wanaochapwa kwa ukaidi kumbe hawamsikii mwalimu. Mwalimu mkuu mmoja alimwambia kwamba huyo mtoto ni mkaidi tangu darasa la kwanza. Sista akamjibu mbele ya darasa zima kwamba huyo mtoto amejaa nta tangu darasa la kwanza, na akaomba maji ya uvuguvugu. Mtoto alirudi kwenye dawati akisikia. Mwalimu mkuu hajawahi kutualika tena, na shauri yake.

Lakini mtu akitaja jina la Damaris pale sokoni leo, hataji nta wala shule. Anataja wasafiri. Hapo ndipo hasira yangu inapoanzia.

Mnatujua sisi. Hakuna kijiji kati ya Kisii na Nyamira kisicho na mtoto Marekani, na mtoto akizaa huko, nyanya anaitwa. Nyanya akiitwa, ukoo mzima unaamka. Kunaundwa kamati. Kunakuwa na maombi. Anafungiwa unga wa wimbi, mboga za chinsaga zilizokaushwa, karanga, na siku yenyewe basi zima linamsindikiza hadi uwanja wa ndege Nairobi kwa nyimbo na machozi. Kila mtu anakumbuka tumbo la aliye Marekani, hakuna anayekumbuka sikio la anayekwenda. Hakuna anayeuliza kama mama ana mafua. Wakimwona anapenga kamasi wanadhani analia.

Na jambo lenyewe si uganga. Nyuma ya pua kuna kimfereji chembamba kinachoelekea ndani ya sikio. Kazi yake ni kupitisha hewa ili ile ngozi ya sikio isisukumwe upande mmoja. Kila aliyeteremka kutoka huku milimani kwenda Kisumu anajua: ukifika chini masikio yanaziba, unameza mate, yanafunguka. Ndege ni huko kuteremka Kisumu, ila ni kwa haraka na ni kutoka mbali zaidi. Kimfereji kikiwa kimevimba kwa mafua, au msafiri akiwa amelala, au akiwa amefunga mdomo kama aliyeapa, hewa haipiti, na maumivu yake yanamliza mtu mzima mbele ya watu asiowajua. Dawa ya kwanza haiuzwi hata kwangu dirishani. Ni kutafuna, kumeza na kupiga miayo. Basi!

Mwaka 2012 alikuja chumbani kwake Mama Bathsheba, mkulima wa chai kutoka Nyamache, mwanamke mwenye heshima zake. Alikuwa amerudi kutoka kwa bintiye. Wakati wa kwenda alikuwa amesafiri na mafua, na kando yake kwenye ndege aliketi mume wa huyo binti. Kwa wasiotujua, sisi Abagusii tuna chinsoni, ile heshima ya kuoneana haya inayomweka mama mkwe mbali na mkwewe. Wanawake wengi wa rika la Mama Bathsheba hawali mbele ya mkwe, sembuse kupanua mdomo. Ndege ilipoanza kushuka, mhudumu alimpa peremende. Akashukuru, akazifunga kwenye pindo la leso. Kijana mwenyewe, maskini, alikuwa amegeuza uso dirishani kwa adabu hiyohiyo, kwa hivyo hakuona mama anavyotokwa jasho. Adabu mbili zilikaa kwenye viti viwili, na katikati yao sikio likapasuka.

Sikio likipasuka hivyo mara nyingi hupona lenyewe, mradi liachwe kavu. La Mama Bathsheba halikuachwa. Huko huko Marekani alipatikana ndugu wa mbali, mtu wa kwetu, aliyepiga simu na kuagiza mafuta ya moto yenye kitunguu. Yaani kitunguu kimevuka bahari! Aliporudi usaha ulikuwa umeshafanya kazi yake, na upande ule alikuwa akisikia kama mtu aliyejifunika blanketi. Akaeleza hayo yote kwa sauti ya upole, bila kumlaumu mtu. Sista Damaris akamsafisha, akampa siku ya kurudi, kisha akatoka nje, akasimama mbele ya dirisha langu na kunifokea kana kwamba mimi ndiye niliyemkataza kutafuna. "Peremende zilikuwepo, Makori! Zilikuwa kwenye leso!"

Jumanne iliyofuata akalichukua benchi lililokuwa nje ya stoo, akaliburuta mwenyewe hadi mlangoni pake, na akatangaza kwamba anayesafiri kwa ndege aje akae hapo kabla ya kufunga sanduku. Hivyo ndivyo lilivyozaliwa Benchi la Wasafiri. Mnadhani alipongezwa? Thubutu! Waliokuwa na vyeo wakati ule, ambao kwa heshima ya ukurasa huu sitawataja, walitaka kwanza kujua kwa nini benchi limehamishwa bila idhini. Halafu wakasema hospitali si shule ya kutafuna. Halafu wakacheka. Wakampa jina la Sista Tafuna, wakidhani wanamtukana, naye akalichukua jina akalivaa. Watoto wa mtaa wa Nyanchwa wanamwamkia hivyo akipita asubuhi kwenda kazini, naye huwajibu kwa kutafuna hewa.

Somo lake halikubadilika. Tafuna ndege inapoanza kushuka, si wakati bado unaaga watu. Kuwa na maji karibu, na umeze kidogo kidogo. Mwambie mhudumu akuamshe kabla ya kushuka, usipatikane umelala. Mtoto apewe ziwa au chupa wakati huohuo, na akilia msimuonee haya, kilio nacho kinafungua masikio. Mwenye mafua mazito au sikio linalouma aje aonwe kwanza, na safari ikiweza kusogezwa isogezwe. Dawa ya kupuliza puani mtu asijinunulie tu kwa kusikia jirani, hasa mwenye presha. Na ukibana pua ili upulize, funga mdomo na upulize taratibu. Hilo la taratibu alilisema mpaka likamkausha koo, kwa maana sisi ni watu wa nguvu. Kijana mmoja, Ian, aliyekuwa akienda kusoma ng'ambo, alibana pua akapuliza mpaka macho yakamtoka. Sista alimrukia kutoka upande wa pili wa chumba: "Wewe! Hilo ni sikio, si jiko la kuni!"

Wapo waliotuchekesha. Mzee Job wa Nyansiongo alipokea somo lote, akanunua chingamu, akapanda ndege, akaanza kutafuna kabla hata haijawasha injini. Iliporuka taya zilikuwa zimechoka na chingamu imekwisha utamu, akaitupa. Kwenye kushuka hakuwa na kitu. Alirudi akatusimulia alivyokaa akimeza mate na kuinua shingo kama kuku anayekunywa maji, na Mzungu aliyekaa karibu naye, kwa kudhani ni desturi ya kwao, akaanza kumwiga. Wote wawili walitua salama.

Wapo pia waliotukera, na hao ndio wengi. Mzee mmoja wa kanisa alikuja kulalamika kwamba Sista anawafundisha akina mama wa kanisa kutafuna chingamu kama wasichana wa stendi. Mwingine alidai kwamba msafiri hutakiwa kufunga na kuomba tangu anapotoka nyumbani mpaka anapofika, na kwamba peremende inaharibu mfungo. Sista Damaris, ambaye hakosi kanisani Sabato hata moja, alimwambia kwamba Mungu aliyeumba maombi ndiye aliyeumba mate, na hakuyaumba yakae bure. Huyo naye alipokwenda kumwona mwanawe Kanada alipitia Benchi la Wasafiri, akaketi mwisho kabisa, kofia imeshuka hadi puani. Tulimwona.

Kila mama mkwe aliyeketi kwenye benchi lile aliuliza swali moja, wengine kwa sauti, wengine kwa kunong'ona: na mkwe akiwa karibu? Na kila mmoja alipata jibu lilelile: heshima si utumwa. Mkwe ana mama mmoja wa mke wake, na mama huyo ana masikio mawili tu. Ugeuke upande, ujifunike leso, ufanye utakavyo, lakini mdomo ufunguke. Nimelisikia jibu hilo mara nyingi kiasi kwamba naweza kulitoa usingizini.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo damu inaponichemka.

Mwaka uliopita Purity, binti wa pekee wa Sista Damaris, alijifungua msichana huko Marekani. Wamemwita Nyamoita, jina la marehemu mama yake Damaris. Mtoto ameanza kusema. Kila saa ya chakula Sista hukaa kwenye ngazi za nyuma, simu kwenye sikio la kushoto, akimsikiliza akijaribu kusema Magokoro, yaani nyanya, na kila siku anaishia kwenye "koro". Sista anacheka peke yake mpaka wagonjwa wanageuka. Alituambia kitu kimoja anachokitaka baada ya kustaafu: kulisikia hilo neno bila simu katikati. Hakutaka zawadi nyingine yoyote, ndiyo maana ile saa ya ukutani mnayomkabidhi leo mngeweza kuiacha dukani.

Anakwenda na mkwewe, Okemwa, aliyekuja nyumbani kwa mazishi ya babu yake na anarudi Marekani juma hilohilo la safari. Familia iliona heri aende naye, ili mama mwenye sikio moja asiachwe ahangaike na matangazo ya uwanja wa ndege. Hapo sina neno, ni uamuzi wa busara. Nami nikaalikwa Nyansiongo, alikozaliwa na kuolewa, Jumapili kwenye maombi ya safari, nikaketi, nikapewa chai.

Akasimama Mzee Manasseh, kaka mkubwa wa marehemu mume wa Damaris, mwenyekiti wa kamati. Akasema wamekata tiketi za viti vinavyofuatana. Akasema watu wa kwao Okemwa wanatazama. Akasema mama mkwe wa nyumba hiyo hataonekana akila wala kupanua mdomo kando ya mkwe, kwa hivyo atakula akifika, na peremende apewe Okemwa azibebe kwa ajili ya mtoto. Watu wakaitikia kwa vichwa. Chai ilinipalia.

Sikio bovu la Damaris halina la kuogopa angani. Lilishatoboka zamani, hewa inaingia na kutoka itakavyo. La kushoto ndilo zima, na ndilo litakaloumia. Na yeye wiki hiyo alikuwa akitoka kwenye mafua! Nikainuka, nikasema hayo yote, na sikuyasema kwa upole. Mzee Manasseh akanitazama akaniambia, "Makori, wewe ni mgeni hapa. Kunywa chai." Nikamgeukia Sista Damaris, nikingoja radi. Huyu ndiye aliyemfokea mwalimu mkuu, aliyemnyamazisha mzee wa kanisa. Alikuwa akitazama kikombe chake.

Nilimfuata hadi kwenye boma la ng'ombe. Nilimuuliza kama amesahau leso ya Mama Bathsheba. Akaniambia polepole, "Sylvanus, wale wengine ni wagonjwa wangu. Mimi ni mama mkwe."

Mganga hajigangi, walisema wahenga, na siku hiyo niliwachukia wahenga kwa kusema kweli. Nilirudi mjini nikiwa nimekasirikia kila mtu: Manasseh kwa kiburi chake, waliotikisa vichwa kwa woga wao, na yeye mwenyewe, ndiyo, Sista Damaris mnayempigia makofi leo, kwa kuweka sikio lake moja rehani ili majirani wasiwe na la kusema. Mjukuu akiita Magokoro na nyanya asisikie, hao majirani watakuwa wapi? Watamtafsiria kwa mikono? Juma zima nilifanya kazi nimenuna. Naye akapita mbele ya dirisha langu bila kunisalimu, kwa sababu alijua nimenuna na alijua ni kwa nini.

Tukafika Jumanne yake ya mwisho. Benchi lilijaa. Na nani alikuwa ameketi katikati? Mama Bathsheba wa Nyamache, aliyeapa hapandi ndege tena, ameitwa na binti yuleyule kwa mjukuu wa pili. Sista akafundisha kama kawaida. Akaeleza kimfereji, akaeleza maji, akawafokea wawili waliopuliza kwa nguvu. Kisha Mama Bathsheba akainua mkono, akauliza, kwa sauti kubwa kama wasemavyo wasiosikia vizuri: "Sista, na mkwe akiwa hapa kando yangu?"

Nilikuwa dirishani, nikaacha kuhesabu vidonge. Sista Damaris akafungua mdomo atoe lile jibu la miaka yote, jibu lisitoke. Akatazama sakafu. Benchi zima likamngoja. Mama Bathsheba, akidhani hajasikia kwa lile sikio lake, akalirudia swali kwa sauti kubwa zaidi.

Okemwa alikuwa amesimama nje ya mlango. Alikuja kumchukua wakapime uzito wa masanduku, na kwa chinsoni zake hakuingia, alikuwa akingoja kwenye kivuli cha ukuta. Alilisikia swali, na akausikia ule ukimya. Huko Marekani kazi yake ni kutunza wazee. Anajua mzee asiyesikia anavyoachwa mwisho wa meza wengine wakicheka. Mzee Manasseh alisema watu wa kwao wanatazama, lakini mtu wa kwao mwenyewe hakuwa ameulizwa chochote.

Akaingia kinyumenyume, mgongo mbele, ili asimtazame mama mkwe usoni. Akaketi kwenye ncha ya benchi. Akavua koti, akajifunika nalo kichwa chote hadi mabegani. Kisha akasema kutoka ndani ya koti: "Mama, ndege ikianza kushuka nitakaa hivi. Hata rubani akiniita sifunui. Na peremende hizi hapa, Mzee amenipa nizibebe." Mkono ukatokeza chini ya koti na karatasi ya peremende.

Halafu Mama Bathsheba akaanza kucheka, cheko la mtu aliyesubiri miaka kumi na mitatu, na machozi yakamshuka. Sista Damaris akasogea hadi kwenye ncha ya benchi. Akaipokea peremende moja. Akaigeuza mkononi kwa muda. Akaitia mdomoni mbele ya mkwewe, akaitafuna, haki ya Mungu niliisikia ikivunjika kutoka dirishani kwangu. Kisha akapiga mwayo. Sijawahi kuona mwayo kama ule. Niliona hadi magego, naye hakujifunika mkono. Na kwa kuwa miayo huambukiza, Mama Bathsheba akapiga wake, jirani yake akapiga, benchi lote likaachama midomo wazi.

Kutoka ndani ya koti Okemwa akauliza kwa adabu, "Mama, tumeshatua?"

Sista Damaris alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akajipangusa macho, akamgeukia Mama Bathsheba, upande wa sikio lake zuri, akampa jibu kamili: heshima si utumwa, na mkwe mwenye adabu atajifunika mwenyewe.

Tangu siku hiyo tunasalimiana tena. Habari zimefika Nyansiongo, na nasikia Mzee Manasseh amesema jambo hilo litajadiliwa. Lijadiliwe. Yumo ukumbini leo, ameketi karibu na keki, na kama ukurasa huu umemfikia, nami namrudishia neno lake: Mzee, wewe ni mgeni hapa, kunywa chai.

Benchi linabaki. Muuguzi Cynthia, aliyefanya naye kazi miaka mingi, atalisimamia kila Jumanne, na yeyote mwenye cheo atakayejaribu kulirudisha stoo atapitia kwanza mbele ya dirisha langu.

Sista Damaris, tunakushukuru kwa watoto uliowaokoa na fimbo, kwa masikio uliyoyasafisha, kwa nyanya wote walioshuka kwenye ndege wakisikia majina yao yakiitwa, na kwa kutufokea tulipostahili. Tunakutakia ustaafu wenye afya, pua kavu na safari ya amani. Mafua yamekwisha, tumekupima juzi mimi na daktari, usiniambie nakusumbua. Peremende ziko kwenye mfuko wa mbele wa mkoba wako, si kwenye leso, nilizitia mwenyewe.

Ndege ikianza kushuka, Okemwa ajifunike, nawe ufungue mdomo. Chini kule kuna mtoto ambaye jana, kwenye simu, alilisema neno lote. Nenda ukalisikie.

Sylvanus Makori,
Idara ya Dawa, kwa niaba ya wafanyakazi wote